Ndoa Bila Cheti

Hotuba hii ilisomwa na mfasiri mmoja wa Serikali mbele ya mkutano wa wazee, akina mama na vijana. Twaichapa kama ilivyosomwa, kwa faida ya wasomaji ambao hawakuweza kuhudhuria.

Wazee wangu, mama zangu, na ninyi ndugu zangu vijana,

Nimeombwa niseme machache juu ya sheria ya nyumba, yaani mambo ya mume na mke, watoto na mali. Jambo hilo ni pana, na kama ningetaka kulieleza lote tungekesha hapa. Kwa hiyo nimechagua neno moja tu, ambalo naona limewaumiza watu wengi kuliko mengine. Neno lenyewe ni hili: ndoa ya mila ni ndoa kamili mbele ya sheria ya Kenya, walakini mwenye kuidai sharti aithibitishe, na wakati ulio mwepesi wa kuithibitisha ni wakati mume na mke wangali hai wote wawili. Mimi si wakili. Kazi yangu ni kufasiri maneno ya sheria ili watu wayaelewe, na katika kazi hiyo mtu hujifunza mengi, hata asiyoyataka.

Nianze na habari ya nyumbani kwetu, kwa kuwa ndiyo iliyonifungua macho. Dada yangu aliolewa kwa desturi za Kikuyu. Wazee walikwenda, wakarudi, ruracio ikahesabiwa, na baada ya mwaka mmoja na zaidi sherehe ya ngurario ikafanywa nyumbani kwa baba yetu, watu wakala wakashiba. Hapakuwa na kasisi wala karani. Hakuna aliyeona upungufu wowote, kwa kuwa kijiji kizima kilikuwa shahidi. Wakaishi pamoja miaka tisa, wakapata mtoto mmoja wa kike, wakanunua kipande cha shamba kwa jina la mume. Kisha shemeji yangu akafariki kwa ajali ya barabarani.

Kabla ya mwezi kwisha, ndugu za marehemu walikwenda kwa chifu kutaka barua ya kuwataja warithi. Majina waliyoyatoa yalikuwa matatu: mama mzazi wa marehemu, kaka yake mkubwa, na yule mtoto. Jina la dada yangu halikuwamo. Alipouliza, aliambiwa maneno ambayo sijayasahau: “Mtoto ni wetu, mama yake hatumjui.” Na hao waliosema hivyo walikuwa wamekula nyama ya ngurario yake. Hata hivyo sitaki kuwalaumu kupita kiasi. Msiba huwaondolea watu wengi haya, na shamba huwaondolea zaidi.

Dada yangu alikwenda benki, akaulizwa cheti cha ndoa. Alikwenda kwa mwajiri wa marehemu kutafuta fedha zake za kazi, akaulizwa cheti cha ndoa. Kila alipofika mezani swali lilikuwa lile lile, wala makarani waliomwuliza hawakuwa na ubaya. Karani hawezi kuiona sherehe iliyofanywa miaka tisa iliyopita. Aona karatasi tu.

Yafaa tukumbuke kwamba zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwani palikuwa na wakati ambapo hata ushahidi wa kijiji kizima haukuweza kumfanya mwanamke aitwe mke. Mwaka 1917 mtu mmoja aitwaye Amkeyo alishitakiwa kwa habari ya mali ya wizi, na mwanamke aliyemwoa kwa mila akaletwa kutoa ushahidi juu yake. Sheria ya ushahidi ya siku zile ililinda maneno ya siri baina ya mume na mke. Shauri likawa hili: je, huyu ni mke? Jaji Mkuu, Robert Hamilton, alisema siye. Alisema kwamba jambo liitwalo ndoa katika desturi za wenyeji si ndoa kwa maana inayojulikana na mataifa yaliyostaarabika, bali ni namna ya kununua mwanamke. Basi ushahidi ukapokewa. Hukumu hiyo ilikaa kwa miaka mingi ikifuatwa na mahakama nyingine katika nchi hizi za Afrika ya Mashariki, mpaka Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1963 ilipoandika wazi kwamba katika jambo hilo neno ndoa lachukua pia ndoa ya mila.

Mimi kama mfasiri hujiuliza mara nyingi kama neno moja lililofasiriwa vibaya halikuchangia kosa hilo. Angalieni neno letu la mahari. Kwa Waislamu wa pwani mahari ni haki ya bibi arusi mwenyewe. Huwekwa mkononi mwake, wala baba yake hana ruhusa ya kuitumia. Kwa watu wa bara, mahari hupelekwa kwa baba na ukoo, nayo hufunga urafiki wa koo mbili, tena aghalabu haimaliziki kulipwa. Mambo hayo mawili ni mbalimbali kama maziwa na tui, lakini Kiswahili chayaita kwa jina moja. Mgeni akisikia kwamba ng'ombe wametoka hapa na mwanamke ametoka pale, aona soko. Hakuambiwa kwamba ng'ombe wale ndio barua, ndio sahihi, ndio cheti cha watu wasioandika.

Tuje sasa kwenye sheria ya siku hizi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 45, yasema kwamba mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakati wa kuishi pamoja, na wakati wa kuachana. Kisha ikaja Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, ambayo ilikusanya mahali pamoja sheria zilizokuwa zimetawanyika tangu siku za ukoloni. Sheria hiyo yatambua ndoa za namna tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya mila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Hakuna iliyo ndogo kuliko nyingine. Zote zataka waoanao wawe wametimiza miaka 18 na kukubali kwa hiari yao, na zote zapasa kuandikishwa. Ndoa za Kikristo na za kiserikali ni za mke mmoja. Za mila na za Kiislamu huhesabiwa kuwa zaweza kuwa za wake wengi.

Kwa ndugu zetu Waislamu sina mengi ya kusema, kwa kuwa uandikishaji wa ndoa na talaka zao ulitungiwa sheria tangu mwaka 1906, na mashauri yao ya ndoa, talaka na mirathi huenda kwa Kadhi ikiwa pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa naye. Ni sisi wa mila tuliochelewa. Sheria ilitungwa mwaka 2014, lakini kanuni za kuandikisha ndoa za mila zilitoka mwaka 2017, na hata leo wapo wengi ambao hawajapata kusikia habari zake.

Basi asiye na cheti amepotea? La. Mahakama zimekuwa zikisikiliza ushahidi wa sherehe zenyewe, na hapo ndipo wazee wetu wanapokuwa na kazi kubwa. Jaji haulizi kama watu walipendana. Auliza kama yale mambo ambayo mila ya watu hao huyahesabu kuwa ndiyo ndoa yalifanywa. Kwa Wakikuyu huuliza habari za ruracio na za ngurario. Kwa Wakamba huuliza mbuzi wa ntheo. Mwanasheria Eugene Cotran aliyaandika mambo hayo kabila kwa kabila katika kitabu kilichotolewa mwaka 1968, na mawakili wangali wakikifungua mpaka leo. Lakini kitabu chasema desturi ilivyo tu. Hakiwezi kusema kwamba fulani na fulani waliitimiza. Hilo lahitaji mtu aliyekuwako, awe angali na uhai na kumbukumbu, na awe tayari kuhojiwa na wakili wa upande wa pili.

Kwa upande wa dada yangu, mtu huyo alikuwa baba yetu mdogo. Yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wa wazee siku zile, na ana tabia, ambayo sisi vijana tuliicheka, ya kuandika kila kitu katika daftari la shule. Siku ya ruracio aliandika mbuzi wangapi walikuja na wangapi walibaki kuwa deni, mablanketi ya akina mama, koti la baba, sukari kilo ngapi. Siku ya ngurario aliandika tarehe, aliyechinja, na majina ya wageni wa upande wa mume, na miongoni mwa majina hayo lilikuwamo la kaka mkubwa wa marehemu.

Yafaa nieleze mwendo wa shauri lenyewe, maana wengi wenu mtapatwa na jambo kama hilo. Mtu akifa bila wosia, watu wake huomba mahakamani hati ya usimamizi wa mirathi. Katika maombi hayo hutakiwa kuwataja waume au wake walioachwa na watoto wote, na barua ya chifu huambatishwa. Kisha tangazo hutolewa katika Gazeti la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30 kusema. Yeyote agusaye mali ya marehemu kabla ya kupewa mamlaka hiyo, akauza ng'ombe au kukodisha shamba, atenda kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja au faini ya shilingi 10,000, au yote mawili. Na hati ikishatolewa, kwa kawaida haithibitishwi mpaka miezi sita ipite. Nafasi za kusema zipo, lakini zampita mtu anayelia nyumbani bila kusoma matangazo. Sisi tulipata habari siku ya 22, tena kwa bahati tu, kutoka kwa karani aliyekuwa amesoma pamoja nami.

Shauri lilichukua miaka miwili na zaidi. Daftari lilipokelewa, baba yetu mdogo alihojiwa asubuhi nzima bila kutetereka, na mahakama ikasema kwamba dada yangu alikuwa mke. Kwa hiyo alipata vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, na mali iliyobaki aitumie maishani mwake kabla ya kumfikia mtoto. Lakini miaka ile miwili shamba lililala bila kupandwa, na mtoto alikaa kwetu. Na ukoo ule, ambao mtoto ni damu yao, hatujakaa nao kula chakula kimoja mpaka leo.

Nitaongeza maneno matatu kwa wale ambao mambo yao hayafanani na ya dada yangu.

Kwanza, vijana mnaoishi kwa njoo-tukae. Wengi wenu hudhani kwamba mkiisha kuishi pamoja miaka kadhaa, sheria yawageuza kuwa mume na mke kwa nguvu zake yenyewe. Sivyo. Ni kweli kwamba tangu miaka ya 1970 mahakama za juu zimekubali kudhani kuwa kuna ndoa, ikiwa watu wamekaa pamoja muda mrefu na watu wote huwajua kuwa ni mume na mke. Lakini mwezi wa Januari mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba dhana hiyo ni ya nadra, na si kanuni ya kufuatwa kila mara. Anayeidai lazima aonyeshe kwamba walikaa pamoja kwa muda mrefu, kwamba wote wawili walikuwa huru kuoana, kwamba walikusudia na kukubali kuoana, na kwamba walijitokeza mbele za watu hivyo. Ikiwa mmoja wao alikuwa na ndoa nyingine ya mke mmoja isiyovunjwa, hata wangekaa miaka 25, dhana haipo. Naomba mlishike hilo. Kuna watu waendao kwa kamishna wa viapo, wakaapa kwamba wao ni mume na mke, wakaitunza karatasi ile kama cheti. Kiapo ni ushahidi, lakini hakifungi ndoa.

Pili, bibi aliyeolewa kwa mila na mume ambaye tayari ana ndoa ya kanisani. Mume huyo hakuwa na ruhusa ya kuoa tena. Hata hivyo Sheria ya Urithi, kwa kifungu kilichoongezwa mwaka 1981, yamhesabu bibi huyo kuwa mke kwa mambo ya urithi, na watoto wake pia. Wapo wanaoilaumu sheria hiyo kwamba yamdhulumu mke wa kwanza; na mimi nikifikiri habari ya mke wa kwanza, naona uzito wa lawama hiyo. Lakini bibi wa pili asijitulize kwa hilo, kwa maana lazima naye athibitishe kwamba sherehe za mila zilifanywa. Kama alipangiwa nyumba mjini tu, hana neno.

Tatu, watoto. Hapa nina habari njema. Katiba imeagiza kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto wao, wawe wameoana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imelishikilia jambo hilo. Si kama zamani, ambapo sheria ya mwaka 1959 iliyomruhusu mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto ilifutwa mwaka 1969, akina mama wakaachwa bila msaada. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba mtoto hana haki kwa sababu wewe huna cheti. Chakula na karo ya mtoto havingoji harusi.

Lipo swali moja ambalo huulizwa kila mahali, nalo ni la maziko. Je, mwenye cheti ndiye azikaye? Sitawaficha kwamba cheti hakimalizi kila shauri. Wazee mnakumbuka wakili S. M. Otieno, aliyefariki mwezi wa Desemba 1986. Mkewe, Wambui, alikuwa ameoana naye kwa sheria ya kiserikali mwaka 1963, cheti kipo. Ukoo wa Umira Kager ukasema mwana wao atazikwa kwao. Maiti ilikaa miezi mitano, nchi nzima ikifuata kesi hiyo magazetini, na Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba desturi za Wajaluo zifuatwe. Akazikwa Nyalgunga, Siaya, mwezi wa Mei 1987. Tangu siku hizo wako majaji waliompa mke aliyeishi na marehemu nafasi ya mbele. Lakini angalieni, hata katika kesi ile hakuna aliyemwambia Wambui kwamba hakuwa mke. Alishindwa juu ya kaburi, hakushindwa juu ya jina lake.

Na kwa wale ambao wote wawili wangali hai, cheti kina kazi kabla ya kifo pia. Kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani wala kukodishwa bila idhini ya maandishi ya mume na mke. Kadhalika sheria hiyo yahesabu kuwa mchango wa mali kazi za nyumbani, kulea watoto na kulima shamba. Kabla ya hapo tulikuwa tukitumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882, ambayo haikutungwa kwa ajili ya mwanamke wa jembe. Mgawanyo wenyewe si lazima uwe nusu kwa nusu; Mahakama ya Juu ilieleza hivyo mwaka 2023, kwamba kila mmoja hupata kwa kadiri ya mchango wake. Lakini ili mwanamke aweze kusema hata neno moja la kuzuia rehani, ataulizwa kwanza yeye ni nani.

Sasa habari ya kuandikisha. Waliooana kwa mila wapaswa kumpelekea Msajili wa Ndoa taarifa katika miezi mitatu tangu sherehe kutimia, na kupata cheti katika miezi sita. Taarifa hiyo yataja ni mila ya watu gani iliyofuatwa, na ina tamko la wote wawili kwamba yaliyotakiwa na mila yametimizwa. Tena yataka mashahidi wawili watu wazima, na hapa sheria imetumia busara: si mashahidi wa kuokotwa mlangoni, bali watu ambao kila mmoja alikuwa na kazi kubwa katika sherehe yenyewe. Kama mahari yatakiwa na mila yenu, si lazima iwe imelipwa yote. Sehemu ndogo iliyotolewa kuwa ishara yatosha kuonyesha kwamba ndoa ipo. Kisha mume na mke wenyewe hufika mbele ya Msajili. Hakuna mtu awezaye kumwakilisha marehemu hapo, na hiyo ndiyo sababu nimesisitiza neno la kuwa hai. Waliopitwa na muda wasione haya, waende wakaulize. Na ambao baada ya mila wataka kwenda kanisani, wanaweza kuibadili ndoa yao iwe ya mke mmoja, ikiwa wote wawili watamka kwa hiari na mume hana mke mwingine.

Mtaniuliza, na wewe je? Nitasema kweli. Nilipokuwa nikikimbia mahakamani kwa ajili ya dada yangu, mimi na mke wangu tulikuwa na miaka sita ya ndoa ya mila na watoto wawili, wala hatukuwa na karatasi yoyote, nami ndiye niliyekuwa nikifasiri matangazo ya kuwahimiza wengine. Mke wangu ndiye aliyenikumbusha, tena kwa ukali. Tulikwenda Jumatatu. Shahidi wa upande wake alikuwa shangazi yake, aliyewapokea wazee wetu siku ya kwanza. Wa upande wangu alikuwa baba yetu mdogo. Karani alipompa kalamu, aliuliza kwanza tarehe, akatoa daftari lake mfukoni, akaandika huko kabla ya kutia sahihi pale.

Nimekwisha. Wenye maswali nawasikiliza, na wenye barua za chifu au matangazo ambayo siku zake 30 hazijapita, na waje kwanza.